Famasi, joto la Dar, trei ya vidonge na mteja anaenong'ona

Wengi wanaonitafuta inboksi kuhusu kufungua famasi wanauliza vitu vile vile, mtaji kiasi gani, fremu ya wapi inalipa, mzigo wa jumla nachukua wapi, kibali cha Baraza la Famasi kinachukua muda gani, na mi huwa najibu kadri ninavyojua. Ila karibu hakuna anaeuliza hiyo fremu ina joto kiasi gani saa nane mchana, wala mteja mwenye ugonjwa wa aibu ataongelea wapi. Na kwangu mi hivyo viwili vinakuja kabla ya rangi ya bango na kabla ya tailsi za sakafuni.

Sababu ni hii. Mtu akinunua nyanya anazibonyeza, anazigeuza, iliyooza anairudisha kwenye fungu. Dawa huwezi kuibonyeza. Kidonge kilichokaa miezi mitatu chini ya bati la moto kinafanana kabisa na kizima, rangi ile ile, boksi lile lile, tarehe ya kuisha bado iko mbele, na bei ni ile ile. Mteja hana namna ya kujua, ametuachia sisi wauzaji. Anachoweza kukiona yeye ni sehemu tu, sakafu, harufu, mikono yako, namna unavyomjibu yule aliemtangulia, na kwa hivyo hivyo vichache anaamua akuambie ukweli wa kinachomsumbua au akudanganye aondoke haraka. Akikudanganya dawa unayompa itakuwa ya ugonjwa mwingine.

Tuanze na joto maana huku pwani ndio linaharibu dawa nyingi bila mtu kujua. Chukua boksi lolote la dawa hapo ulipo uligeuze, utakuta limeandikwa dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, zingine chini ya 25. Sasa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi nje tu, tena kivulini, inafika 31, 32. Ingia kwenye fremu ya bati isiyo na dari, kioo cha mbele kinaangalia magharibi, jua la saa tisa linaingia mpaka kwenye shelfu, hapo unazungumzia joto jingine kabisa. Na watu wanaweka feni wanaona wamemaliza kazi. Feni haishushi joto la chumba, inazungusha hewa ile ile, inamsaidia mtu kwa sababu mtu anatoka jasho na jasho likikauka linampooza, lakini boksi la amoksilini halitoki jasho, feni haiwezi kulisaidia.

Kwahiyo kitu cha kwanza kununua ni themometa ya ukutani, na ukiweza chukua ile inayobaki na kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa tangu ulipofuta kumbukumbu yake mara ya mwisho. Unaandika asubuhi ukifungua na unaandika mchana joto likiwa kali, kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni yake. Nasisitiza ile yenye kumbukumbu kwa sababu moja, famasi nyingi za mtaani zinazima kiyoyozi zikifunga ili kuokoa umeme wa Luku, na zingine hazifungui Jumapili kabisa, yaani dawa zinashinda ndani ya chumba kilichofungwa mlango na madirisha Jumapili nzima ya Februari na hakuna anaejua kulifika ngapi. Jumatatu unawasha kiyoyozi, masaa mawili baadae themometa inasoma 26, unaandika 26, na mkaguzi akija anaona 26. Karatasi ni safi ila dawa zimeshapikwa.

Kabla hujafikiria kiyoyozi piga dari. Dari ya jipsamu au hata plaiwudi inapunguza joto la bati kuliko watu wanavyodhani, alafu pazia au plastiki nyeusi ya kwenye vioo upande wa jua, alafu hamisha shelfu kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni. Na naomba sana wenye famasi zenye kioo kikubwa mbele, msipange dawa zenye kitu ndani kwenye kioo kama pambo. Panga maboksi matupu. Mwanga peke yake unaharibu dawa, nifedipini ya presha haitaki mwanga, furosemidi inabadilika rangi, adrenalini ya sindano ikianza kuwa na rangi ya pinki au kahawia ujue imekwisha kazi. Nikiona chupa za sirapu za watoto zimepangwa kwenye kioo cha mbele zinawaka jua kuanzia saa saba mpaka saa kumi na mbili huwa naumia, maana najua zitauzwa kwa mama fulani na atampa mtoto wake akiamini.

Unyevu nao. Fungua kopo la aspirini lililoachwa wazi msimu wa mvua unuse, ikinuka kama siki imeshaanza kuvunjika, hiyo haiuzwi tena. Amoksilini yenye klavulaneti inachukia unyevu vibaya sana, na dawa ya mseto ya malaria pia, ndio maana zinakaa kwenye pakiti zake mpaka muda wa kumeza, usizitoboe ukazihamishia kwenye kibahasha cha karatasi eti kurahisisha kuhesabu. Yale makopo ya vidonge 1000 yafungwe kila baada ya kuhesabu, sio mwisho wa siku, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani kibaki humo humo.

Friji ni habari yake. Nyuzi 2 mpaka 8, themometa yake ndani, insulini, oksitosini, matone ya macho ya kloramfeniko na vingine vilivyoandikwa hivyo. Haiwekwi soda, haiwekwi chakula cha mchana cha muhudumu, sio tu kwa sababu ya uchafu ni kwamba mlango utafunguliwa kila dakika kumi na joto litapanda. Usipange insulini mlangoni wala isigusane na ukuta wa nyuma kwenye barafu, maana insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na ikaonekana nzuri haifai. Nafasi iliyobaki wazi ndani ya friji jaza chupa za maji, umeme ukikatika zinasaidia kushika ubaridi muda mrefu zaidi, na wakati umeme umekatika usifungue fungue kuangalia. Zungumza mapema na jirani mwenye jenereta, sio siku ya tukio. Na mteja akija kununua insulini muulize anakaa wapi na anaenda na nini, mtu anapanda daladala kutoka Kariakoo mpaka Chanika kwenye foleni, mfungie na barafu iliyozungushiwa kitambaa ili isigusane na dawa moja kwa moja. Ambao hawana friji nyumbani kuna ule utaratibu wa chungu chenye maji, chupa inayotumika inakaa humo imefungwa vizuri isiingie maji, unafanya kazi vizuri zaidi sehemu kavu kama Dodoma au Singida kuliko huku kwetu ambako hewa yenyewe imejaa unyevu na maji hayakauki haraka, kwahiyo huku pwani mwambie anunue chache chache aje mara kwa mara.

Sasa usafi.

Famasi yetu iko barabara ya vumbi huku Mbagala, bodaboda zinapita siku nzima, kwahiyo najua vita ya vumbi. Kosa ninaloliona sehemu nyingi ni kufagia kavu asubuhi duka likiwa limeshafunguliwa. Ukifagia kavu vumbi linapanda juu, linazunguka, linashukia kwenye maboksi, kwenye trei, kwenye vibahasha, kwenye mfuniko wa kopo ambalo utalifungua dakika tano baadae. Deki kwa maji. Anza juu, futa shelfu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, shuka kaunta, sakafu iwe ya mwisho. Dekio la dukani lisiwe lile la chooni, tafadhali, haya ni mambo ya wazi lakini nimeyaona.

Alafu kuna siku mtoto anatapika mlangoni, au mtu amekatwa na bati anakuja anadondosha damu akiomba bandeji. Hapo maji na sabuni peke yake hayatoshi. Vaa glovu, ondoa kwanza uchafu kwa tambara au karatasi, alafu mwaga Jik iliyochanganywa, kama chupa imeandikwa asilimia 3.5 basi kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji kinakupa asilimia 0.5, iache dakika kumi ndipo ufute. Soma chupa yako kwanza maana nguvu zinatofautiana. Ichanganywe kila siku, ya jana imeshapungua nguvu. Na usije ukachanganya Jik na zile asidi za kusafishia choo ukidhani itasafisha zaidi, inatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu, na kwenye chumba kidogo kama famasi ni hatari kweli kweli.

Ila kama ningeambiwa niongelee kitu kimoja tu cha usafi wa famasi ningeongelea trei ya kuhesabia vidonge. Hapa nitakaa kidogo.

Angalia trei ya famasi yoyote mwisho wa siku, ina unga unga mweupe. Huo ni unga wa dawa. Umehesabu amoksilini, kapsuli moja ilikuwa imepasuka, unga umebaki, mteja anaefuata anataka paracetamol ya mtoto, unahesabia hapo hapo. Amoksilini ni jamii ya penisilini, kwahiyo kama huyo mtoto ana mzio wa penisilini umempelekea penisilini nyumbani bila kujua, na mwenye mzio mkali hahitaji nyingi. Septrini yenye salfa hivyo hivyo, kuna watu ngozi zao zinababuka kwa dawa za salfa. Kwahiyo trei ya penisilini iwe ya peke yake, hata kama ni kipande cha plastiki cha bei rahisi, ibandike jina. Zingine zifutwe kila baada ya mteja, na zioshwe kwa sabuni zikaushwe jioni. Kijiko au kile kibapa cha kuhesabia kitumike, sio vidole, hasa vidole vilivyotoka kushika noti ya elfu mbili. Tunashika pesa siku nzima, hela hiyo hiyo imetoka sokoni, imetoka kwa konda, imetoka kwenye soksi, alafu mkono ule ule unaingia kwenye kopo la vidonge. Chupa ya sanitaiza ikae hapo hapo kwenye kaunta, na sinki lenye sabuni liwe karibu.

Na kupuliza. Jamani tuache kupuliza vifuko vya dawa. Najua vile vya plastiki vinagandana, najua foleni ni ndefu, lakini unapuliza pumzi yako ndani ya kifuko ambacho unaweka dawa ya mtu ambae tayari ni mgonjwa. Na kulamba kidole ili kufungua kibahasha cha karatasi ni yale yale. Kata kona ya kifuko kwa mkasi, au kisugue kati ya viganja viwili kinaachia chenyewe, au kaa jioni ukiwa huna wateja ufungue vingi uviweke kwenye boksi lenye mfuniko. Mteja anaona hii kitu. Wengi hawasemi kwa sababu wanakuita dokta na wanaona aibu kumkosoa dokta, ila wanaona.

Maji pia. Mteja anataka kumeza dozi ya kwanza hapo hapo, ni jambo jema, tena kwa dawa ya mseto ni vizuri umshuhudie akianza. Lakini lile jagi moja na kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka kwa kila mtu lazima kiondoke. Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 tulikuwa tunagawa ORS ya kurudisha maji mwilini na zinki, huku kwenye kaunta za maduka mengi kikombe ni kile kile kimoja. Weka vikombe vya kutupa au uza chupa ndogo za maji. Na zile antibayotiki za unga za watoto ambazo tunawachanganyia kina mama, maji yake yawe yamechemshwa na yamepoa, mpaka kwenye alama ya chupa na sio kwa kukadiria, alafu umuandikie tarehe ya mwisho ya kutumia, nyingi ni siku 7 mpaka 14 kutegemea boksi linasema nini na kama ana friji.

Mnakumbuka zile ndoo zenye koki zilizokuwa kila mlango mwaka 2020? Ziliondoka zote karibu kwa pamoja. Kwenye famasi sioni kwanini ziliondoka. Mahali ambapo watu wanaokuja ni wenye kuharisha, wenye mafua, wenye vichanga mgongoni, ndoo na sabuni mlangoni ilitakiwa iwepo kabla ya korona na iendelee kuwepo baada yake. Sisi tunayo bado, na wapo wanaosimama kunawa alafu wanaendelea na safari zao hata hawanunui kitu, sio tatizo.

Panya na mende nitasema kwa kifupi. Katoni zisikae sakafuni, ziinuke angalau sentimita 10 kwa mbao au paleti, na ziache sentimita 30 kutoka ukutani ili uweze kupita na fagio na kuona mavi ya panya yakianza. Hakuna kula stoo. Dawa ya kupuliza mende isipulizwe karibu na shelfu za dawa, kabisa, bora mitego. Na sumu ya panya isiuzwe kwenye duka hilo, hata kama wateja wanaulizia.

Kwenye usalama kuna vitu ambavyo havionekani kama ni mazingira ila ni mazingira. Mwanga wa taa kwa mfano. Muhudumu anasoma maandishi madogo ya kwenye pakiti saa mbili usiku kwa taa moja ya njano, kwenye shelfu metfomini 500 ya kisukari imepakana na metronidazo 500 kwa sababu tumepanga kwa alfabeti, vidonge vyote vyeupe, majina yanaanza sawa, miligramu sawa. Kabamazepini ya kifafa na kabimazo ya tezi nazo hivyo hivyo. Dawa zinazofanana zitenganishwe makusudi, hata kama alfabeti itavunjika, na weka kibandiko cha rangi kwenye shelfu kumshtua anaetoa. Methotreksati iwe sehemu ya peke yake yenye onyo, wenye baridi yabisi wanaimeza mara moja kwa wiki na sio kila siku, kuna watu duniani wamekufa kwa kosa hilo moja. Zilizoisha muda zitolewe kwenye shelfu siku hiyo hiyo, ziingie kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa haziuzwi, ziandikwe kwenye daftari, alafu utaratibu wa kuziteketeza ufuatwe kupitia mfamasia wa wilaya na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zisiende dampo, watoto wanaokota chupa huko wanaziosha wanachezea.

Na kuchoma sindano dukani hairuhusiwi, najua wateja wanaomba na najua kuna sehemu wanafanya nyuma ya pazia. Hakuna kitanda, hakuna pa kutupa sindano, hakuna wa kumsaidia mtu akipata mzio hapo hapo. Mpeleke zahanati.

Watoto wanaotumwa dawa ni suala jingine linaloniumiza kichwa. Mama anamtuma mtoto wa miaka saba, "nenda kwa dokta mwambie akupe dawa ya tumbo". Tumbo gani, la nani, mjamzito au sio mjamzito, mtoto hajui. Sisi tunaandika kikaratasi tunampa arudi nacho, au tunapiga simu kama mama ana namba, lakini dawa kwenye mkono wa mtoto anaetembea peke yake barabarani na vidonge vyenye rangi ya pipi hatutoi. Wazazi wengine wananuna, ni sawa.

Sasa nifike kwa mteja anaenong'ona, maana hapa ndio moyo wangu ulipo.

Famasi nyingi za Dar zina nondo. Kaunta, alafu nondo mpaka juu, na kidirisha kidogo cha kupitishia hela na dawa. Naelewa, kuna wizi, na muhudumu wa zamu ya usiku mara nyingi ni binti peke yake, nae anastahili kuwa salama. Lakini tazama kinachotokea upande wa pili. Mteja yuko umbali wa mita moja, nyuma yake wamesimama watu wanne, radio inapiga, nje bodaboda, na ili asikike kupitia nondo inabidi apaze sauti. Ananong'ona, muhudumu anasema "nini? sikusikii", ananong'ona tena, na muhudumu kwa nia njema kabisa anarudia kwa sauti, "unataka P2?", ile ya kuzuia mimba baada ya tendo. Yule binti anageuka anaondoka. Au kijana anakuja na usaha unamtoka, anafika kaunta anakuta mama mwenye nyumba wake kwenye foleni, anasema "nipe dawa ya mgongo", anapewa diklofenaki ya maumivu anaenda nayo, na gono inaendelea kwake na kwa mwenzie. Mwanamke mwenye mimba changa ambae hajamwambia mtu yeyote anaomba dawa ya U.T.I, hataji mimba kwa sababu shemeji yake yuko hapo, anapewa doksisaiklini ambayo wajawazito hawapewi. Wote hao duka lilikuwa na dawa sahihi na muhudumu alikuwa na elimu sahihi. Kilichokosekana ni mahali pa kusemea.

Sio lazima uwe na chumba cha ushauri chenye mlango na viti viwili, ukiweza weka. Fremu ndogo ina njia zake. Mwisho wa kaunta upande wa ukutani acha nafasi ambayo nondo zimekatwa kidirisha kikubwa zaidi, weka ubao wa plaiwudi pembeni uwe kama ukuta mdogo, na muhudumu awe na kawaida ya kusema kwa kila mtu "njoo huku tuongee kidogo". Kwa kila mtu, hata wa dawa ya kikohozi, ili asionekane wa tofauti anaeitwa huko. Chora mstari sakafuni foleni isimame nyuma. Weka karatasi na kalamu kwenye kaunta, wengi wanapenda kuandika, wengine wanaandika kwenye simu wanakuonyesha, na wewe jibu kwa kuandika pia. Punguza radio. Kondomu na vipimo vya mimba viwekwe mahali mtu anaweza kuvionyesha kwa kidole bila kuvitaja. Na ukimrudishia dawa mfuko uwe wa khaki au mweusi, usiwe wa kuonyesha kilichomo ndani.

Kwa wazee shikamoo inafanya kazi kubwa kuliko kiyoyozi. Bibi wa presha amesimama, mguu umevimba, mpe kiti chenye mgongo wa kuegemea, mabenchi yasiyo na mgongo yanawatesa. Ile ngazi moja ya mlangoni ambayo wewe unairuka bila kuiona, kwa mwenye fimbo au baiskeli ya walemavu ni ukuta, mimina zege la mteremko, fundi anamaliza siku moja. Na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili cha mtu, "kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku, baada ya kula", ile 1x3 kuna watu wanaisoma kidonge kimoja kwa siku tatu. Asiejua kusoma mchoree jua na mwezi.

Kuna jambo moja ambalo linagongana na yote niliyosema juu ya joto nalo ni hewa. Tanzania bado ina mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na mtu mwenye kifua kikuu kabla hajafika hospitali mara nyingi ameshapita kwetu kununua sirapu ya kikohozi, pengine mara tatu. Ukifunga madirisha yote kwa ajili ya kiyoyozi, foleni ya watu sita inavuta hewa ya mtu mmoja anaekohoa, na muhudumu anaivuta siku nzima. Nilivyokuja kuona mi ni bora kutenganisha, sehemu ya kusubiria iwe ya wazi, mlango na dirisha vinavyotazamana ili upepo upite, na kiyoyozi kifanye kazi nyuma ya kaunta na stoo ambako dawa zipo, katikati kuwe na kioo au hata pazia zito la plastiki. Mteja atapata joto kidogo, ndio, lakini yeye anakaa dakika kumi na dawa zinakaa miezi. Anaekohoa zaidi ya wiki mbili mpe barakoa, mweleze akapime, kipimo na dawa za TB ni bure, usimuuzie chupa nyingine ya sirapu.

Hivi viwango vingine sio vipya. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, jengo lenyewe lilikuwa sehemu ya masharti pamoja na mafunzo ya wauzaji na ukaguzi. Shida ninayoiona ni kwamba sharti linatimizwa siku ya ukaguzi wa kufungulia, dari ikidondoka mwaka wa tatu hairudishwi, themometa betri ikiisha inabaki ukutani haionyeshi kitu.

Na wewe unaenunua, sehemu yako ipo. Ukiona muhudumu anapuliza kifuko mwambie taratibu akupe kingine, ni haki yako. Ukiwa na la kusema la siri sema "naomba tuongee pembeni", akikataa nenda famasi nyingine. Dawa ikiwa na harufu ya ajabu, kapsuli zimegandana, sirapu imejitenga na haichanganyiki hata ukitikisa, rudisha na risiti. Alafu ukishatoka na dawa usiiache kwenye dashibodi ya gari wala chini ya siti ya bodaboda ukiwa kazini, nyumbani isikae juu ya friji wala jikoni karibu na jiko, tafuta kabati la chumbani lisilopigwa na jua na ambalo watoto hawafikii.